Vikalio vya Pembe

Ukiuliza watu wa Nyeri wa rika langu habari za Murugi wa duka la miwani, watakwambia kazi yake ilikuwa safi lakini mdomo wake, Mungu saidia. Sikatai. Nilifanya kazi kwa Jagdish miaka kumi na minne. Mteja akija kuniambia anataka miwani yake ifanywe hivi na hivi, nilikuwa namwangalia mpaka amalize, kisha namfanyia inavyotakiwa. Walikuwa wanaondoka wakinung'unika na kurudi wakishukuru, na mimi nikazoea hivyo.

Kazi yangu hasa ilikuwa puani. Jagdish alipima macho na kukata vioo, mimi nikashughulikia pale miwani inapokaa. Kuna vile vipande viwili vidogo vinavyokalia pua, kimoja huku na kimoja huku. Mimi huviita vikalio. Watu huvidharau, lakini kikalio kikiwa kibaya, hata kioo kiwe cha bei gani, utaivua miwani kabla ya saa sita. Tulikuwa na vya plastiki ngumu kwa watu wa ofisi, vya mpira laini kwa wenye ngozi nyepesi, na vifuko vidogo vya ngozi ya kondoo vya kuvalisha juu ya kikalio, mtu akiwa na kidonda. Tulikuwa na mipira ya nyuma ya masikio pia, na kamba za shingoni ambazo walimu walipenda. Sikuhitaji kipimo. Niliweka kidole gumba na cha shahada juu ya pua ya mtu, nikahesabu mpaka tatu, basi, vidole vimekumbuka. Hata leo nikikutana na mtu sokoni huenda jina lake nimesahau, lakini pua yake ninayo.

Ilikuwa Julai ya mwaka sabini na mbili, baridi ile yetu ya ukungu hadi saa saba mchana. Jagdish alikuwa amekwenda Nanyuki kumwona dada yake Taraben, aliyekuwa mgonjwa, na duka lilibaki mikononi mwangu. Chini ya meza nilikuwa na jiko la makaa. Juu yake hukaa karai la mchanga, maana mikono ya miwani hukunjwa kwa mchanga wa moto, na siku za baridi jiko hilo hilo hunipasha miguu.

Akaingia mama wa miaka hamsini hivi, kitambaa kichwani, amevaa koti la mwanaume lililofungwa kamba kiunoni. Alisema anaitwa Waithira, ametoka Chaka kwa basi la asubuhi. Tulizungumza Kikuyu, mimi nakuletea maneno yake kwa Kiswahili.

"Mwanangu," akasema, "nimeambiwa hapa mnajua mambo ya pua."

Akavua miwani akanipa. Ilikuwa ya waya, ya duara, ya zamani, kioo kimoja kina ufa pembeni. Upande wa kushoto wa pua yake palikuwa na kidonda kilichoanza kutoa usaha. Nikatazama vikalio na damu ikanipanda. Vilikuwa vyeusi kwa jasho na mafuta, cha kushoto kinene karibu mara mbili ya cha kulia, na vimefungiwa kwenye miwani kwa uzi wa shaba uliosokotwa kwa mkono.

"Fundi gani amekufanyia hivi, mama? Huyu ni wa kushtakiwa."

Alisema, "Wa zahanati ameniambia kidonda kikiendelea kitaingia ndani. Nataka uvifunike kwa kitu laini mpaka kipone. Kikipona nitafunua mwenyewe."

"Kufunika si dawa. Hivi ni vya kutoa. Nitakuwekea vya mpira, hata hutajua umevaa kitu."

"Hapana. Nifunikie tu, mwanangu."

"Sawa," nikasema.

Sawa yangu siku hizo ilikuwa ya kumnyamazisha mtu. Nikaweka vidole viwili juu ya pua yake, kwa upole kwa sababu ya kile kidonda, nikahesabu mpaka tatu. Nikamwambia aende sokoni, arudi saa nane.

Alipotoka nikakaa kazini. Nilifungua ule uzi wa shaba, nikauweka kando, nikang'oa vile vikalio. Jagdish alikuwa na sheria moja ambayo haikuwa na mchezo: kitu kilichokaa kwenye usaha hakilali mezani, ni moja kwa moja motoni. Nikainua karai, nikavitupa juu ya makaa, nikarudisha karai, nikaanza kuchagua vya mpira.

Sasa, mtu wa kazi yetu anajua vitu kwa namna vinavyoungua. Seluloidi, ile ya fremu za zamani, huwaka mara moja na kwisha. Plastiki hutiririka na kutoa moshi unaokwaruza koo. Nilingoja harufu ya kimojawapo, nikapata nyingine kabisa. Ilikuwa ile ya kichwa cha mbuzi kinapochomwa manyoya. Hakuna mtu wa Nyeri asiyeijua. Nikaondoa karai, nikachukua koleo, nikakuta kimoja kimejikunja na kuvunjika nilipokigusa. Cha pili sikukiona tena.

Ilikuwa pembe. Pembe ya ng'ombe, iliyochongwa na mtu. Nilishika koleo nikajiambia, haya, ni pembe, na pembe ziko tele machinjioni. Tena nimemponya mama wa watu. Hata hivyo nilifungua mlango ili harufu itoke kabla hajarudi.

Saa nane akarudi na kikapu chake. Akavaa miwani. Kwanza uso wake ulilegea kama wa mtu aliyetua kuni. Halafu mkono ukapanda puani, ukagusa, ukagusa tena.

"Umevitoa," akasema.

"Vilikuwa vibaya, mama. Vilikuwa vinakuumiza."

"Viko wapi?"

Jiko lilikuwa katikati ya miguu yangu, bado lina joto. Nilifungua mdomo niseme kweli, huo mdomo wangu mashuhuri, na hiki ndicho kilichotoka: "Nimevihifadhi. Viko kwenye kabati la Mzee Jagdish, na ufunguo amekwenda nao Nanyuki."

Akakaa kwenye kiti cha wateja. "Namshukuru Mungu," akasema. "Nilidhani umevitupa."

Kisha akanieleza, na ningetoa kitu chochote asinieleze. Miwani haikuwa yake. Ilikuwa ya mume wake, Kihara, aliyekuwa mwalimu wa shule ndogo ya kanisa. Askari wa mkoloni walimchukua mwaka wa hamsini na nne, wakati wa hali ya hatari, wakampeleka kambini. Huko askari mmoja alimpiga akamvunja pua, na miwani ikakanyagwa, vikalio vikapotea. Waya mtupu ulimkata pua. Basi Kihara akaokota kipande cha pembe nyuma ya jiko la kambi, akakisugua juu ya jiwe siku baada ya siku, akakitoboa kwa msumari. Upande wa kushoto aliufanya mnene kwa sababu pua yake ilikuwa imelala upande ule. Mwaka wa hamsini na saba akafa.

"Tuliambiwa tu amekufa," Waithira akasema. "Kaburi hatukuonyeshwa. Kuna mwenzake, Kingori, alipofunguliwa aliniletea miwani hii ndani ya kipande cha blanketi. Ndiye aliyenieleza jinsi vikalio vilivyochongwa. Sina picha ya Kihara, mwanangu. Nyumba ilichomwa na kila kitu ndani."

"Inakusaidia kuona?" nikauliza. Ni swali la fundi. Sikuwa na lingine.

"Hata. Ni kama kutazama ndani ya maji. Naivaa Jumapili kanisani, na siku ambazo moyo ni mzito. Wasichana wangu hunicheka." Akagusa kile kidonda. "Pua yangu si yake, kwa hiyo huku kushoto hunigandamiza. Nikisikia panauma, hapo najua ni mkono wake. Ndiyo maana sikutaka vitolewe. Mwaka huu ndio maumivu yamezidi, ndipo nikasema nivifunike kidogo."

Akavua miwani akaiweka mezani mbele yangu. Alisema atarudi Jumatano ijayo, nivirudishe kama vilivyokuwa, wala nisifunike. Kidonda atakitafutia dawa nyingine. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia nimefanya vizuri kuvihifadhi, kwamba fundi mwingine angevitupa. Akaenda.

Ningeweza kumkimbilia. Kituo cha basi kilikuwa mwendo wa dakika tano na nilikuwa na miguu mizima. Nilikaa pale pale nikitazama ule uzi wa shaba kando ya meza. Nilikuwa na hasira, na kwa muda mrefu hasira yenyewe ilikuwa juu yake yeye. Kwa nini hakusema mapema? Angesema neno moja tu, kwamba ni vya marehemu. Ilipopoa nikakumbuka alikuwa amesema. Alisema funika, mara mbili, na mimi nikasema sawa.

Alhamisi alfajiri nilikwenda machinjioni kwa Ndungu, nikamwomba pembe ya ng'ombe mzee. Akanicheka, akaniuliza kama nataka kuwa mganga. Nilimjibu vibaya, akanipa. Niliichemsha hadi ikalainika, nikaikata kwa msumeno mdogo wa dukani, nikaanza kusugua kwa tupa. Cha kulia chembamba, cha kushoto kinene. Nilikumbuka kila kona yake, maana jicho langu halisahau kazi mbaya. Nilivitoboa kwa msumari uliotiwa moto, nikaviloweka kwenye majani ya chai yaliyochemka, nikavifukiza, nikavipaka mafuta ya kondoo, nikavisugua kwenye shingo yangu mwenyewe vipate jasho la mtu. Nilivirudia mara nne. Jozi tatu za kwanza sikuridhika nazo.

Ijumaa Jagdish akarudi. Alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha dukani. Alinikuta na tupa mkononi, miwani ya Waithira iko mezani.

"Murugi, hii nini unafanya?"

Nikamweleza yote, na sikujitetea sana.

"Yeye alisema wewe funika?"

"Alisema."

"Na wewe iko sikia?"

"Nilisikia, Mzee."

Akachukua vile vikalio, akaviweka kiganjani, akavipeleka dirishani kwenye mwanga. Alivigeuza muda mrefu, na najua alikuwa anavipenda, kwa sababu fundi hawezi kujizuia. "Kazi safi," akasema. "Safi kabisa. Lakini ambia yeye kweli. Mimi hapana sema kitu. Kama yeye nauliza mimi, mimi nasema."

"Hatakuuliza," nikasema. "Hatajua."

Alikwenda ndani kunywa dawa yake.

Usinifikirie mwizi. Siku hizo tano nilijiambia kwamba namhurumia. Nilijiambia kumwambia kweli ni kumfanya mjane mara ya pili, na kwamba kitu ni kile mtu anachoamini kuwa ndicho. Nilikuwa na maneno mengi mazuri. Kweli yenyewe ni kwamba nilimwogopa. Nilikuwa nimezoea watu warudi wakinishukuru, na sikujua uso wangu ungekaaje mbele ya mtu niliyemkosea hivyo. Jumatatu nilivifunga vikalio vyangu kwenye miwani kwa ule uzi wa shaba, uleule, nikiufuata kwa mikunjo yake ya zamani.

Jumatano akaja kabla ya saa nne. Amevaa kitambaa kipya, na kidonda kilikuwa kimeanza kukauka. Mgongoni alikuwa na kiondo cha viazi, vya shambani kwake, vyekundu, vilivyooshwa kimoja kimoja.

"Hivi ni vyako," akasema. "Si malipo. Ni kwa sababu ulinitunzia."

Sikujua niweke mikono wapi. Nikapokea kiondo, kizito kweli, nikakiweka sakafuni. Jagdish alikuwa kwenye meza yake, ameinamia kioo, hakuinua kichwa. Nikamkabidhi miwani.

Aliitazama kwanza. Akavipapasa vikalio kwa dole gumba, akagusa ule uzi, akatabasamu. Moyo wangu ukashuka mahali pake. Nikasema kimoyomoyo, imekwisha, Murugi, umepona.

Akavaa.

Akasukuma miwani kidogo kwa kidole, kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe. Akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia. Akaibonyeza juu ya pua, upande wa kushoto, akaibonyeza tena kwa nguvu. Sikuelewa anatafuta nini. Nilikuwa nikiona tu jinsi ilivyokaa vizuri, haisogei, haibani, imelala juu ya pua yake kama imezaliwa hapo.

"Haviumi," akasema.

Ndipo nilipojua nilichofanya. Unene ulikuwa uleule, weusi uleule, lakini upande wa ndani, ule unaogusa ngozi, nilikuwa nimeukata kwa kipimo cha pua ya Waithira. Sikukusudia. Vidole vyangu vilishampima, na tangu nianze kazi hii mkono wangu haujawahi kutengeneza kitu cha kumuumiza mtu. Ningetaka kumdanganya vizuri ningepaswa kuharibu, na kuharibu sikujua.

"Haviumi hata kidogo," akasema tena, sasa akinitazama. "Vya Kihara vilikuwa vinauma."

Jagdish aliweka kioo chini.

"Nilivichoma," nikasema. "Siku ileile. Ulipokwenda sokoni nilivitupa jikoni, sikujua ni nini, na uliporudi vilikuwa vimeshaungua. Nikakudanganya. Hivi nimechonga mimi. Nisamehe, mama."

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, nipate kitu cha kushika. Alivua miwani polepole, akaikunja mikono yake, akaiweka magotini. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na nikaona aibu kulia mbele ya mwenye msiba.

Halafu akauliza, "Jivu?"

"Humwagwa kila jioni. Sikuliweka."

"Kuna kitu chochote chake kilichobaki hapa?"

"Uzi wa shaba. Huo ni uleule. Huo haukugusa moto."

Akainamisha kichwa karibu kabisa na miwani, akaanza kuufungua ule uzi kwa kucha. Nilinyoosha mkono nimsaidie, ni kazi yangu, na yeye akausukuma mkono wangu kando, bila ukali, kama unavyomwondoa kuku mezani. Ilimchukua muda mrefu. Alipomaliza alivitoa vikalio vyangu, akaviweka mbele yangu kimoja kimoja. Uzi akauzungusha kwenye kidole chake cha pete, mizunguko mitatu, akaubana ncha. Kisha akavaa miwani hivyohivyo, waya mtupu ukiwa juu ya kidonda, na nilimwona anavyofumba macho ulipomgusa.

"Itakukata, mama," nikasema. Hata wakati ule sikuweza kunyamaza.

"Najua," akasema. "Hata yeye ilimkata."

Akamuaga Jagdish kwa kichwa, akatoka. Kiondo hakukichukua. Nilimwambia mtu wa Chaka ampelekee, na kikarudi kwangu na viazi vyake ndani, pamoja na ujumbe kwamba zawadi hairudishwi. Nilivila. Ningefanya nini? Kuvitupa kungekuwa kosa la pili.

Nilibaki kwa Jagdish miaka mingine saba. Mteja akisema funika, nilifunika. Mdomo haukuisha, huo nitazikwa nao, lakini nilijifunza kuuliza kitu ni cha nani kabla sijakigusa, na vikalio vya zamani nilivifunga kwenye karatasi na kumrudishia mtu, hata vyenye usaha, Jagdish apende asipende. Waithira hakurudi dukani tena. Mara moja nilimwona kwa mbali, Jumapili, akitoka kanisani kule Chaka katikati ya watu, ana miwani usoni. Sikumwendea.

Vile vikalio bado ninavyo, ndani ya kibati cha dawa ya kikohozi, pamoja na sindano zangu. Siku nyingine navitoa na kuvipeleka dirishani. Jagdish alisema kweli, ni kazi safi, na mpaka leo sijapata kutengeneza nyingine kama hiyo.